Maisha Marefu ya Pijo

Kiswahili kina desturi ya kumpokea mgeni, kumvua viatu na kumkalisha mkekani kabla hajatambua amefika kwa nani. Ndivyo kilivyolifanyia jina Peugeot. Wafaransa huliandika kwa herufi saba. Wasafiri wa Kenya walilisikia, wakalipunguza hadi herufi nne, wakaliita Pijo. Kisha wakalitia katika ngeli ya LI-YA pamoja na gari lenyewe, hata wapiga debe wakawa wakinadi kuwa Pijo limejaa na kwamba Mapijo ya asubuhi yameondoka. Katika miaka ya 1970 na 1980, neno hilo lilipanuka kimaana likawa jina la aina ya usafiri. Aliyeulizwa alivyofika Nairobi akajibu kuwa alipanda Pijo, muulizaji alielewa mara moja kwamba mwenzake alilipa nauli iliyozidi ile ya basi, akabanana na abiria wengine sita, na akafika mapema.

Neno lingalipo vinywani mwa wazee wetu, ilhali magari yenyewe yameadimika kama maziwa ya kuku. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi gari moja la Kifaransa, Peugeot 504, lilivyopata maisha marefu katika nchi ambayo halikuundiwa, sababu za kuadimika kwake, na yaliyotukia nyumbani kwetu Nakuru ilipotubidi kuamua hatima ya moja kati ya hayo machache yaliyosalia.

Tuanze na asili yake. Gari la 504 lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likateuliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Nambari yake ina sarufi ambayo mwanafunzi wa isimu hawezi kukosa kuipenda. Tangu mwaka 1929, kampuni hiyo ilipotoa gari la 201, ilikuwa desturi yake kuyapa magari yake nambari tatu zenye sifuri katikati. Tarakimu ya kwanza ilionyesha ukubwa wa gari na ya mwisho ilionyesha kizazi chake. Hivyo basi 505, lililotokea mwaka 1979, ni mrithi wa 504 katika ukoo ule ule: tarakimu ya ukubwa haikubadilika, ya kizazi ndiyo iliyoongezeka. Waama, hiyo ni mofolojia iliyopigiliwa kwenye bati.

Kati ya aina za 504 zilizoundwa, iliyopendwa sana na wasafiri wetu ni ile ndefu yenye mlango wa nyuma, ambayo Wafaransa waliiita Familiale, yaani ya familia. Umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.90, ilhali ule wa gari la kawaida la 504 ulikuwa mita 2.74. Nyongeza hiyo ndogo ilitosha kuweka safu ya tatu ya viti. Aidha, ekseli yake ya nyuma ilikuwa nzima na imara, ikibebwa na springi nne za mzunguko badala ya mbili. Mhandisi wa Ufaransa aliwaza baba, mama, watoto na mizigo yao wakienda likizoni. Mfanyabiashara wa Nakuru alilitazama gari hilo hilo akaona nauli saba.

Sifa zake zilikuwa zimetangulia kufika. Katika mashindano ya magari ya Safari, ambayo kila mwaka yaliwatoa madereva jasho katika vumbi na matope ya Afrika Mashariki, gari la 404 lilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo katika miaka ya 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba ni magari saba tu yaliyofika mwisho katika kila shindano, na katika miaka yote miwili lililotangulia lilikuwa 404. Gari la 504 lilifuata nyayo za mkubwa wake: Ove Andersson alishinda nalo mwaka 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa lile la milango miwili. Chema chajiuza. Mkulima aliyesikia matokeo hayo redioni hakuhitaji tangazo jingine la biashara.

Fauka ya hayo, 504 halikubaki kuwa gari la kuagizwa tu. Sehemu zake ziliunganishwa humu nchini na mikono ya Wakenya, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 2004. Nchini Nigeria liliundwa katika mji wa Kaduna hadi miaka ya 2000, na nchini Argentina hadi mwaka 1999. Linganisha na kwao Ufaransa, ambako uundaji wa gari la kawaida la 504 ulikoma mwaka 1983. Kwa miongo miwili baada ya wazazi wake kulisahau, gari hili lilikuwa likizaliwa upya kwa walezi.

Babu yangu alinunua lake katika mnada wa magari ya serikali mwaka 1984. Lilikuwa jeupe, gia yake ikiwa ubavuni mwa usukani, na nambari yake ya usajili ni ya mtindo wa kale usio na herufi mwishoni. Kwa miaka ishirini alibeba nalo abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Alikuwa na hesabu yake ambayo baba yangu aliikariri utotoni kama majedwali ya kuzidisha. Abiria mmoja wa mbele alimlipa fundi. Watatu wa safu ya katikati walilipia petroli. Watatu wa safu ya nyuma walilipa karo. Palipokosekana abiria nyuma, mtoto mmoja alirudishwa kutoka shuleni. Baba, ambaye leo ni mwalimu, hupenda kusema kwamba alisomeshwa na watu ambao hakuwahi kuwaona uso, waliokubali kukunja magoti kuanzia Nakuru hadi River Road.

Ni nini basi kilichoyaangamiza Mapijo? Naona sababu nne, na hakuna hata moja inayotokana na udhaifu wa gari lenyewe.

Sababu ya kwanza ni kulegezwa kwa masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalimiminika bandarini Mombasa, yakiwa na redio nzuri, viti laini na bei nafuu. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu waliokuwa wakiweka akiba kununua Pijo walibadili nia. Sababu ya pili ni ujio wa matatu za abiria kumi na wanne. Abiria saba hawangeweza kushindana na kumi na wanne katika barabara moja na kwa bei moja ya mafuta. Kanuni za uchukuzi zilipokazwa mwezi Februari mwaka 2004, zikidai vidhibiti mwendo na mikanda kwa kila abiria, babu alipiga hesabu yake ya safu tatu, akaona haijibu tena, akaliegesha gari nyumbani na kulitumia kwa shughuli za familia tu.

Sababu ya tatu ni biashara ya vyuma chakavu. Gari lililosimama miaka mingi uani halipimwi tena kwa mwendo wake bali kwa kilo zake. Sababu ya nne ni ya kisheria. Kanuni za nchi yetu haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Nia ya kanuni hiyo ni njema, yaani kuepusha nchi isigeuzwe jaa. Hata hivyo, kwa gari la 504 ina maana moja: idadi ya yaliyoko nchini inaweza kupungua tu. Kila moja linaloyeyushwa huacha pengo lisiloweza kuzibwa.

Sasa tugeukie swali la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Kama mambo ndivyo yalivyo, mbona yapo yanayotembea hadi leo? Ukienda katika mashamba ya Njoro na Molo, huenda ukakutana na 504 la mzigo likiwa limebeba kabichi au mitungi ya maziwa, rangi imebabuka, injini ikinguruma bila kusitasita. Wengi husifu chuma cha Kifaransa. Mimi namsifu fundi wa Kenya. Gari hili liliundwa kabla ya zama za kompyuta. Kila hitilafu yake inaweza kusikika kwa sikio, kuguswa kwa kidole na kurekebishwa kwa spana. Fundi wa babu, mzee mwenye karakana ya mabati pembeni mwa mji, hufungua boneti, hufumba macho, na kusikiliza jinsi daktari anavyosikiliza kifua.

Na lugha yake ni ya daktari vilevile. Katika karakana ile, gari lina mwili wenye uhai. Linakula oili na linakunywa petroli. Linakohoa asubuhi. Linachemka mlimani. Likivuta kushoto, huulizwa ni mguu gani unaouma. Klachi huteleza, breki hukataa kushika, betri hufa, na injini iliyokufa hufufuliwa. Sijapata kitabu cha istilahi kilichozikusanya sitiari hizi, wala hazikutungwa na kamati yoyote. Zilizaliwa chini ya magari, katika vinywa vya watu waliolala chali wakidondokewa na oili usoni, nao wakawarithisha wanagenzi wao bila kuandika neno.

Babu alifariki mwaka 2019. Gari lake likabaki chini ya mparachichi, kuku wakitaga katika safu iliyowahi kulipa karo. Mwaka 2023 dada yangu mdogo aliitwa kujiunga na chuo cha uuguzi, na fedha za kuanzia zikapungua. Baba mdogo akaja na mfanyabiashara wa vyuma chakavu, ambaye alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu, akataja bei ya kilo. Gari lina zaidi ya tani moja. Hata hivyo, hesabu yake haikufika nusu ya tulichohitaji.

Jioni hiyo familia iliketi sebuleni kwa nyanya. Nilizungumza nikiwa na ari ya mwanafunzi aliyetoka kusoma kuhusu urithi wa jamii. Nilisema kwamba gari lile ni historia, kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba huko Nairobi kuna maonyesho ya kila mwaka ambako magari makuukuu hung'arishwa na kupewa tuzo.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Na sabuni ya kuling'arisha utanunua wewe? Mwanangu, historia haipokelewi pale mapokezi ya chuo. Dada yako anatakiwa Jumatatu."

Sikuwa na jibu. Baba naye alinyamaza, akitazama mikono yake. Nadhani alikuwa akiwakumbuka wale abiria watatu wa nyuma.

Nyanya ndiye aliyevunja kimya. "Mmelipima kwa kilo, na huyu amelipima kwa vitabu," alisema akininyoshea kidole. "Hakuna aliyemwita mtu anayelijua. Kesho mniitie fundi."

Fundi alikuja alfajiri akiwa na tochi. Alilala chini ya gari kwa muda wa saa nzima. Alipoinuka, alimwamkia nyanya, akaomba maji, kisha akatoa uamuzi. "Mama, sakafu imeliwa na kutu. Hili halitabeba tena watu, nami sitakudanganya. Lakini injini ni nzima, giaboksi ni nzima, na springi za nyuma sijaona nyingine kama hizi kwa miaka mitano. Nina wateja wawili waliokwama. Mmoja wa Njoro ana la mzigo lililokufa injini. Mwingine wa Molo ana refu kama hili, springi zimevunjika na mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Wakinunua vipuri hivi, utapata zaidi ya bei ya chuma. Na badala ya gari moja bovu, yatatembea mawili."

Nyanya alitafakari kidogo, akauliza swali moja tu. "Hilo la Molo hubeba nini?"

"Hubeba watoto wa shule, Mama."

"Basi lifungue."

Kazi ya kulifungua ilichukua siku nne. Nilikaa na fundi siku zote nne nikimshikia spana, na kwa kuwa mazoea ya darasani hayaishi, nilikuwa na daftari. Kila alipotoa kitu nilimuuliza jina lake, naye alicheka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Baadhi ya majina yalikuwa ya Kiingereza yaliyovaa kanzu ya Kiswahili: gasketi, beringi, pistoni, bushi. Mengine yalikuwa ya nyumbani kabisa. Mengine bado yalikuwa yake na ya marehemu bwana wake aliyemfunza kazi, na sidhani kama yanafahamika nje ya karakana ile. Nilijifunza kwamba neno linaweza kuwa adimu kuliko kipuri. Kipuri kikipotea, fundi hodari huchonga kingine. Neno likipotea, hakuna ajuaye kuwa kuna kitu cha kutafutwa.

Nilijifunza jambo jingine pia. Nilikuwa nikidhani kwamba gari la kale huokolewa kwa kuwekwa pembeni, lisiguswe, libaki lilivyokuwa. Yapo yaliyohifadhiwa hivyo, nami nawaheshimu wenye uwezo wa kufanya hivyo, maana bila wao vizazi vijavyo vitaona picha tu. Lakini Mapijo mengi yanayotembea katika barabara za vumbi hayakuokolewa kwa njia hiyo. Kila moja limebeba viungo vya mengine: kabureta ya hili, radieta ya lile, mlango wenye rangi isiyofanana na ubavu. Uhaba na uhai wake ni ndugu wa tumbo moja. Yanapungua kwa sababu yanalishana, na yanaishi kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana nashindwa kusema kama gari la babu lilikufa au la. Injini yake inavuta kabichi Njoro. Springi zake zinapanda vilima vya Molo. Mabati yaliyosalia yalichukuliwa na yule mfanyabiashara wa vyuma kwa bei yake ya kilo, na baba mdogo ndiye aliyemsaidia kuyapakia. Dada yangu aliripoti chuoni Jumatatu. Pale chini ya mparachichi, ardhi iliyonyweshwa oili kwa miaka mingi bado haijaota nyasi.

Wasomi wenzangu wa Kiswahili, tunafundishwa kwamba lugha hukua kwa kukopa, kuunda na kufufua. Nimeyaona yote matatu yakifanyika katika karakana ya mabati, bila darasa wala ubao. Tumezoea kwenda nyanjani kutafuta nyimbo, vitendawili na ngano, na hilo ni jambo jema. Tusiwasahau wahunzi, mafundi wa magari, waashi na maseremala. Hazina yao ni kubwa na wenyewe hawaijui kuwa ni hazina, kwa hiyo hawataileta maktabani kwa hiari. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahenga hao walichukulia kwamba mhunzi mwenyewe yungali hai, au kwamba amemwachia mtu ufundi wake.

Fundi wetu sasa ana umri wa miaka 71. Wanawe wawili wanaendesha bodaboda, na vijana wanaofika kwake kutafuta kazi huulizia magari yanayochunguzwa kwa kompyuta, jambo ambalo haliwezi kulaumiwa, maana ndiyo yaliyojaa barabarani. Hana mwanagenzi wa 504 hata mmoja. Daftari langu lina maneno 143, na kila nikimsomea orodha hiyo yeye hukumbuka mengine mawili matatu niliyoyaruka. Mwishoni mwa wiki hii lile gari la Molo linaletwa kurekebishwa breki. Nimemwomba anisubiri.